Chipu Anayoniwekea Mchezaji Ni ya Nani?

Kaka Mshauri, salaam.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, na sasa nagawa karata za ishirini na moja (blackjack) katika kasino mojawapo ya Las Vegas, Marekani. Kazi bado ni mpya kwangu. Yupo mchezaji anayekuja karibu kila mwisho wa wiki na hupenda kukaa kwenye meza yangu. Wengine wakitaka kunipa bakshishi hunisogezea chipu, basi. Yeye huniwekea dau. Anaweka chipu nyekundu ya dola 5 kwa ajili yangu pamoja na dau lake. Akishinda, nami nimeshinda. Akishindwa, chipu inaliwa na kasino.

Nina mambo matatu. La kwanza, siku nyingine huiweka chipu hiyo mbele ya duara la dau, siku nyingine huibandika juu ya dau lake mwenyewe. Ikiwa juu ya dau lake na tukashinda, hunipa zile dola 5 zilizoshinda, lakini chipu yenyewe anataka ibaki kwa mkono unaofuata. Wenzangu wanasema yote ni yetu, niichukue. Nani mkweli?

La pili, ameanza kuniwekea pia kwenye dau la pembeni la 21+3, lile la ziada linalotazama karata zake mbili na karata yangu ya wazi. Juzi likaingia, likalipa dola 45, kisha akasema chipu iliyozaa pesa hiyo ni yake.

La tatu ndilo zito. Siku hizi hungoja kwanza karata zake zitoke. Akiona zimekaa vizuri ndipo husukuma chipu na kusema, "Hii yako." Halafu hunikumbusha kwamba yeye ananijali, basi nami nimjali. Anachotaka ni niinue kidogo karata yangu ya kufunikwa ninapoiingiza chini ya ile ya wazi, ili aione. Mwenzangu mmoja ananiambia nisimuudhi, watoaji kama yule ni wachache. Nyumbani wapo wanaonitegemea, na bakshishi ndiyo inayonibeba.

Na je, ni kweli siku hizi bakshishi haitozwi kodi?

Mgawa karata, Las Vegas

---

Dada yangu,

Naanza na la tatu, kwa sababu mawili ya kwanza ni ya utaratibu na hili ni la jinai.

Nevada inahesabu udanganyifu katika kamari kuwa kosa kubwa: linaweza kukuletea kifungo cha miaka kadhaa na faini. Kuweka au kuongeza dau baada ya kujua matokeo kumetajwa waziwazi katika sheria hiyo. Kuhusu karata ya kufunikwa, mahakama za Nevada zimeshaamua kwamba mchezaji aliyeiona kwa sababu tu mgawaji hakuificha vizuri hajadanganya. Lakini mgawaji akiionyesha makusudi, hapo ni njama. Sasa tazama hali yako: akikamatwa, atasema aliona tu kilichokuwa mbele ya macho yake. Wewe utakuwa na picha za kamera zinazoonyesha kwamba karata yako huinuka kila anapokaa yeye, na kwamba kila ikiinuka kuna chipu yako mezani. Ukishapatikana na hatia, usajili wako kwenye bodi ya kamari ya Nevada, Nevada Gaming Control Board, hauponi. Na kama bado hujawa raia, hatia ya udanganyifu inaweza kukufungulia kesi ya kurudishwa nyumbani.

Kwa faida ipi? Hapa ndipo mwenzako anapokupotosha. Katika kasino nyingi kubwa za Las Vegas bakshishi za wagawaji wote hukusanywa, huhesabiwa na kamati ya wagawaji wenyewe, hugawanywa kwa saa za kazi, kisha huingia kwenye mshahara. Chukua mfano wa siku yenye wagawaji 100 waliofanya kazi saa sawasawa. Chipu ya dola 5 iliyoangukia kwenye sanduku lako inakufikia wewe ikiwa senti 5. Hata zile dola 45 za 21+3 zimekufikia kama senti 45. Wenzako 99 wanapata kiasi kilekile bila kuinua karata. Mtu huyo anakutaka ubebe hatari yote peke yako kwa sehemu moja ya mia ya alichokitoa. Zipo kasino chache, hasa ndogo, ambako kila mgawaji huchukua chake. Huko kishawishi ni kikubwa zaidi, na kamera humwangalia mgawaji kwa ukaribu zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Fanya hivi kuanzia zamu yako ijayo. Karata ya kwanza ikishatoka mkononi mwako au kwenye sanduku la karata, madau yamefungwa. Akisukuma chipu baada ya hapo, usiiguse. Mwambie kwa sauti ya kawaida, wengine wasikie: "Samahani, karata zimeshatoka. Naweza kuipokea kama bakshishi sasa hivi, au ubaki nayo." Akisema ni bakshishi, unaichukua papo hapo, awe ameshinda au hajashinda. Akisema ni dau, unairudisha kwa kuisogeza mbele yake na kumwita msimamizi wa meza. Tofauti hiyo ni ya msingi: bakshishi haina wakati, dau lina wakati. Na usimruhusu aguse duara lake wakati karata ziko mezani, kwa sababu mkono unaopeleka chipu nyekundu "ya mgawaji" ndio huohuo unaoweza kuteremsha chipu ya kijani ya dola 25 juu ya dau lake. Ni ujanja mkongwe, na ukarimu ndio kifuniko chake.

Kuhusu karata yako ya kufunikwa: iingize ikiwa imelala, kona zikiwa zimegusa kitambaa, kidole gumba kikiizuia isijikunje. Angalia anapoketi. Wanaowinda karata hupenda kiti cha kwanza au cha mwisho, na hukaa wamejiinamia ili macho yawe chini. Kama meza yako ina kioo kidogo cha kukagulia karata ya kufunikwa pale ya wazi ikiwa ree au ya kumi, wewe mwenyewe huijui karata hiyo hadi uifunue. Kioo kinakuonyesha tu kama umepata ishirini na moja kamili au la. Mwambie hivyo mara moja akikuuliza, kisha usilijadili tena.

Halafu mweleze msimamizi, kabla ya kamera hazijamweleza. Maneno machache yanatosha: mchezaji wa kiti fulani anaweka madau ya mgawaji baada ya karata kutoka, nami nimemrudishia. Omba liandikwe. Mchezaji huyo usimpe namba ya simu, usikutane naye nje, na usipokee chipu yake popote isipokuwa mezani. Mchezaji anayelipa kwenye maegesho ya magari hatoi bakshishi tena.

Sasa turudi kwa la kwanza, ambalo wenzako na yeye wote wana nusu ya ukweli.

Mahali chipu ilipowekwa ndipo panapoamua ni ya nani. Desturi iliyoenea ni hii: ikiwa mbele ya duara, nje ya mstari, imejitenga na dau lake, ni dau la mgawaji. Ikishindwa inakwenda kasino pamoja na dau lake. Sare, inabaki. Ikishinda, unaichukua yote, chipu na faida yake, papo hapo. Ikiwa juu ya dau lake, bado iko chini ya amri yake: anachotoa ni faida, na chipu inaweza kubaki hadi aamue au ishindwe. Kwa hiyo kwenye chipu ya juu anayo haki, isipokuwa kanuni za nyumba yenu ziseme vingine. Kanuni hizo zimeandikwa. Mwombe msimamizi akuonyeshe, usitegemee ya kuambiwa na wenzako wakati wa mapumziko.

Lakini chipu ya juu ina tatizo jingine. Kwa utaratibu, rundo la dau hupangwa thamani kubwa chini na ndogo juu. Nyekundu moja juu ya nyeusi ya dola 100 inaweza kuwa yako, na inaweza kuwa dau la dola 105 tu. Kamera haiwezi kujua. Kwa hiyo uliza kabla hujagawa karata ya kwanza: "Hii ni ya mgawaji?" Akijibu ndiyo, tamka kwa msimamizi kwamba pana dau la mgawaji, kisha gawa. Usiulize baada ya kushinda, kwa maana hapo kila mtu ana sababu ya kukumbuka vingine.

Malipo nayo yana mpangilio. Lipa dau la mchezaji kwanza. Kisha weka faida ya chipu yako kando yake, sawasawa kabisa, ionekane. Ndipo uzichukue zote mbili, uzigonge kwenye ukingo wa trei ya chipu, uzitumbukize kwenye sanduku la bakshishi, na uonyeshe viganja vyako pande zote mbili. Makosa mengi yanayowaponza wagawaji wapya yamo hapa: kuchukua chipu na faida kwa mpigo mmoja kabla malipo hayajaonekana, au kulipa dau lako zaidi ya ilivyo. Kosa la dola 2 kwenye dau la mchezaji ni kosa. Kosa hilohilo kwenye dau lako linaonekana kama wizi. Kuwa mwangalifu hasa mkono ukipata ishirini na moja kamili kwa karata mbili. Meza ya malipo ya 3 kwa 2 inaipa chipu ya dola 5 faida ya dola 7.50, ya 6 kwa 5 inaipa dola 6. Soma kitambaa, usikisie.

Akigawanya jozi, dau lako linabaki kwenye mkono wa kwanza isipokuwa aongeze jingine. Akiongeza dau lake maradufu, si lazima aongeze na lako. Akizidi 21, lako limekwenda. Na wewe huna ruhusa ya kuamua dau lako libaki kwa mkono unaofuata. Ukifanya hivyo unacheza kamari kwenye meza yako mwenyewe, na kasino nyingi humfukuza mtu kwa hilo.

Nimesema ana haki ya kubandika chipu juu. Ni vizuri pia ujue kwa nini anapenda kufanya hivyo. Katika ishirini na moja, kwa mchezaji anayecheza vizuri, kila mikono 100 anashinda takriban 42, anashindwa 49, na sare ni 9. Chukua mwendo wa mikono 60 kwa saa, chipu ya dola 5 kila mkono, bila kuhesabu nyongeza ya ishirini na moja kamili. Ukichukua chipu na faida kila mnaposhinda, kwa saa moja atakuwa ametoa kama dola 273 na nyinyi mmepata 252. Akibandika juu na kutoa faida tu, yeye anatoa kama dola 147 na nyinyi mnapata 126. Kwa vyovyote kasino inabaki na zile dola 21 za katikati. Ni uchaguzi halali wa mtu mwenye pesa yake: anaonekana kila mkono ana chipu ya mgawaji, kwa karibu nusu ya gharama. Dola 273 alizozisukuma moja kwa moja mezani zingeingia zote kwenye sanduku lenu.

Hilo la mwisho hutamwambia. Kumdokezea mchezaji atoe, atoe zaidi, au atoe kwa namna unayoipenda ni kuomba bakshishi, na kuomba bakshishi ni sababu ya kufukuzwa karibu kila mahali. Hata kununa chipu ikishindwa kunahesabika. Ninachokushauri ni kumshukuru kwa sauti ileile ikishinda na ikishindwa. Yeye alikwishatoa pale alipoiweka; matokeo si kosa lake.

Kwenye 21+3, alikosea kama chipu aliiweka kama dau la mgawaji lililojitenga. Dau hilo linatazama karata zake mbili na karata yako ya wazi, nalo huamuliwa na kulipwa kabla mkono haujachezwa, kwa hiyo halina uhusiano na kitakachotokea baadaye. Kwenye jedwali la malipo la 9 kwa 1, dola 5 zinaleta 45, na chipu iliyowekwa nayo huenda na faida yake: jumla 50. Likiwa limebandikwa juu ya dau lake la pembeni, basi unarudi kwenye kanuni ya chipu ya juu. Ona jinsi swali lile moja kabla ya kugawa lingeumaliza ugomvi huu. Kwa hesabu, jedwali hilo la 9 kwa 1 kwa pakiti 6 linaachia kasino asilimia 3.24, na linaingia kama mara moja katika kumi. Yapo madau ya pembeni yanayokula mara kadhaa ya hapo. Mchezaji akikuuliza lipi bora, mwelekeze kwenye kitambaa na jedwali la malipo. Usimchagulie.

Siku ukihamia meza ya dadu utayakuta madau haya kwa wingi zaidi, kwa sababu huko ni mila: mchezaji hutupa dola 2 na kusema moja yake, moja ya wagawaji. Wengi huyaweka kwenye jozi, kwa mfano 8 ya nne na nne, inayolipa 9 kwa 1 na kuachia kasino asilimia 9.09. Dau la mstari wa mbele (pass line) linaachia asilimia 1.41 tu. Wagawaji huifurahia jozi kwa kelele zake. Mimi ningependelea mchezaji atuwekee mstarini, ila nako hamna ruhusa ya kumwomba.

Na usidhani taratibu hizi ni za dunia nzima. Uingereza ilikataza bakshishi kwa wagawaji hadi sheria yake ya kamari ya 2005 ilipoanza kutumika kikamilifu mwaka 2007. Ukipata kazi kwenye kasino za Sydney au Melbourne, kupokea bakshishi ni marufuku kisheria, na chipu ya mbele ya duara utairudisha kwa mwenyewe kila mara.

Msimamizi wako hapaswi kula kwenye fungu la bakshishi za wagawaji. Mwaka 2006 kasino ya Wynn Las Vegas iliwaingiza wasimamizi kwenye mgawo wa wagawaji, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu ya Nevada, ambayo mwaka 2013 iliuruhusu mpango ule kwa sheria ya jimbo. Sheria ya shirikisho ya Machi 2018 imeufunga mlango huo: mwajiri hawezi kuruhusu mameneja au wasimamizi wachukue sehemu ya bakshishi za wafanyakazi. Nevada pia hairuhusu bakshishi itumike kupunguza mshahara wa chini, ambao tangu Julai 2024 ni dola 12 kwa saa.

Kodi sasa. Wagawaji waliwahi kudai mahakamani kwamba bakshishi ni zawadi. Mwaka 1976 mahakama ya rufani ya shirikisho ikaamua ni mapato. Sheria ya Julai 2025 haikubadilisha hilo. Ilichofanya ni kukuruhusu, kwa miaka ya 2025 hadi 2028, kupunguza hadi dola 25,000 za bakshishi kwenye mapato yanayotozwa kodi ya mapato ya shirikisho, na nafuu hiyo huanza kupungua mapato yako yakizidi dola 150,000 kwa asiyeshirikiana hesabu na mwenza. Wagawaji wa kasino wamo kwenye orodha ya kazi zinazostahili. Makato ya Social Security na Medicare, yaani ya pensheni na ya bima ya afya ya serikali, yanaendelea kukatwa kwenye bakshishi kama kawaida, na kuzitangaza bado ni lazima.

Kasino nyingi zina mkataba na mamlaka ya mapato, IRS, unaoweka kiwango cha bakshishi kwa kila saa ya kazi. Uliza kama yenu inao na kama ulitia sahihi kushiriki. Kama hukutia sahihi, wewe mwenyewe ndiye mwenye wajibu wa kuweka kumbukumbu ya kila siku. Weka daftari dogo kwa vyovyote: tarehe, saa ulizofanya kazi, na kiwango ambacho kamati imetangaza. Zidisha, kisha linganisha na hati ya mshahara. Ikipungua, nenda kwa kamati wiki hiyohiyo, kwa sababu baada ya miezi miwili hakuna atakayekubali kuzihesabu upya saa zako.